Kitufe Kinachoficha Jina Lake

Hotuba hii niliitoa kwa walimu wa usanifu wa tovuti tulipokutana Morogoro. Walioshindwa kufika wameniomba niiandike. Nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, kasoro slaidi, ambazo hata ukumbini hazikuonekana kwa sababu ya jua la dirishani.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojipenyeza viti vya nyuma mkidhani sijawaona. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nimepewa dakika arobaini nizungumzie namna ya kufundisha vitu viwili: lebo za tovuti, yaani majina ya vitufe na kurasa, na zile picha zinazobadilika mshale unapozipitia. Hilo la pili mnalijua kwa jina la rolova. Wanafunzi wangu wanaziita picha kinyonga. Nitatumia majina yote mawili, ingawa hilo la kinyonga nimelipenda zaidi.

Naomba nianze kwa swali. Ni nani kati yetu hufundisha rolova wiki ya kwanza au ya pili ya muhula? Inueni mikono, msiogope. Naona mikono mingi. Haya, na ni nani hufundisha lebo kabla ya rolova? Mkono mmoja. Nao ni wa mwenyekiti, sijui ni kweli au ni cheo kinamlazimisha.

Siwacheki. Nimefanya hivyo miaka mingi na sababu naijua. Kinyonga anafurahisha. Mwanafunzi amekaa wiki mbili anahangaika na mabano na nukta mkato, ukurasa umenuna, halafu ghafla picha inamjibu. Anapitisha mausi, inabadilika. Anaiondoa, inarudi. Darasa linapiga kelele, na mwalimu naye anajiona bingwa. Lebo je? Nani aliwahi kuipigia lebo makofi? Lebo tunaziacha mpaka mwisho, na mwanafunzi anazijaza usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Nyumbani. Huduma Zetu. Kuhusu Sisi. Wasiliana Nasi. Basi, kazi imekwisha.

Nimekuja kuwaomba tugeuze huo utaratibu. Jina litangulie, picha ifuate. Na kabla sijaeleza kwa nini, niwape kisa cha aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2003 nilikuwa kijana, nimejifunza Dreamweaver, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye kompyuta ya kuazima, nikapata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: tovuti ya kampuni ndogo ya kupeleka watalii mbugani, huko Arusha. Nikaamua kuwashangaza. Katikati ya ukurasa nikachora ngao ya Kimasai, na kuizunguka nikaweka picha sita: ngoma, unyayo wa simba, kibuyu, mkuki, mgunga, na kofia ya jua. Neno? Hakuna neno hata moja. Ukipitisha mausi juu ya ngoma, ngoma inageuka ya dhahabu na chini yake linatokea neno. Na ngoma ilikuwa nini? Bei. Msiniulize kwa nini. Kibuyu kilikuwa Mawasiliano. Unyayo wa simba, ambao niliuwazia siku mbili nzima, ulikuwa Kuhusu Sisi.

Mwenye kampuni alikuwa mzee wa heshima zake. Nikamfungulia ukurasa kwenye intaneti kafe, tukasubiri. Mnaikumbuka intaneti ya wakati ule? SEACOM, ile nyaya ya baharini, ilianza kazi mwaka 2009. Mwaka 2003 picha tulikuwa kama tunaivuta kwa kamba kutoka kisimani. Zikashuka moja moja. Mzee akazitazama, akasema, "Nzuri. Sasa mtu akitaka bei?" Nikamwambia, "Pitisha mausi kwenye ngoma, mzee." Akapitisha. Ngoma ikapotea. Pakabaki kiboksi cheupe.

Nyinyi mnajua kilichotokea. Picha ya pili, ile ya dhahabu, ilikuwa bado haijashuka. Dreamweaver ilikuwa na kisanduku cha kuamuru picha zote mbili zipakiwe mapema, na mimi nilikiondolea tiki. Kwa hiyo mzee alipopitisha mausi ndipo kompyuta ilipokwenda kuitafuta hiyo picha. Sekunde tano. Sekunde kumi. Mzee keshachoka, kaondoa mkono. Neno likaja likakuta mwenyewe hayupo. Akanigeukia, wala hakufoka: "Kijana, hilo neno Bei ungeliandika tu pale, lingekuuma?"

Lingeniuma nini?

Kosa lile halikuwa langu peke yangu, lilikuwa la zama. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa umjibu mtu, ilizaliwa Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1995, mikononi mwa Brendan Eich. Mwaka uliofuata ikatoka Netscape 3, na msimbo ukaweza kubadilisha picha iliyokwisha kukaa kwenye ukurasa. Hapo ndipo kinyonga alipozaliwa. Mwisho wa 1997 Dreamweaver ikaingia, ikawa inakuandikia mistari yote yenyewe: MM_swapImage, MM_swapImgRestore... Naona walimu wa rika langu mnatabasamu. Kila aliyejua kubofya akawa fundi. Haukupita muda, mwaka 1998, Mmarekani mmoja, Vincent Flanders, aliyekuwa akikusanya tovuti mbovu ili watu wajifunze kwazo, akautafutia ugonjwa huu jina. Aliuita nyama isiyojulikana, kwa mfano wa ile nyama ya kantini za shule kwao ambayo mlaji hajui ni ya mnyama gani. Sisi hatuhitaji kuazima. Kwetu huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi yule mzee nilimuuzia mbuzi sita kwa mpigo.

Sasa niende kwenye lebo, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi.

Mwaka huohuo wa 1998 Wamarekani wengine wawili, Louis Rosenfeld na Peter Morville, walieleza kuwa tovuti inasimama juu ya mifumo minne: mpangilio wa mambo, lebo, njia za kupita, na utafutaji. Angalieni neno mfumo. Hawakusema lebo, walisema mfumo wa lebo. Lebo moja peke yake haina shida. Shida inaanza zikiwa sita, zimekaa safu moja, kila moja inaongea lugha yake. Nimeyasema haya darasani mara nyingi na wanafunzi wamenikodolea macho. Kwa hiyo siku hizi nawapandisha daladala.

Waulizeni vijana wenu: majina ya vituo vya Dar es Salaam yametoka wapi? Buguruni Sheli. Tabata Dampo. Magomeni Mapipa. Mbagala Rangi Tatu. Kimara Mwisho. Hayo hayanukii ofisi hata kidogo. Watu walikuwa wanashukia hapo, wakawa wanapaita hivyo, konda akapaita hivyo, na kituo kikawa hicho. Sheli lilikuwa jina la kampuni ya mafuta. Leo ni neno letu la kituo chochote cha mafuta, na nembo ya pale ikibadilishwa mara kumi, konda ataita Sheli tu. Hiyo ndiyo lebo: neno ambalo mshukaji alikuwa nalo mdomoni kabla hajapanda.

Halafu waambieni watazame gari lenyewe. Ubavuni kuna mstari wa rangi unaoonyesha ruti. Mbele yameandikwa maneno, linakotoka na linakokwenda. Rangi inamsaidia anayelitazama kwa mbali, lakini mmewahi kuona daladala iliyofuta maneno ikabaki na rangi peke yake? Abiria angepanda? Na kama maneno yale yangekuwa yanaonekana pale tu unapolishika gari bodi, tungefika kazini saa ngapi?

Haya. Muhula uliopita nilikipa kikundi cha wanafunzi wanne kazi ya kumtengenezea tovuti mama lishe anayepika nje ya geti letu. Siku ya kwanza wakaniletea menyu: Nyumbani, Huduma Zetu, Bidhaa, Suluhisho, Matunzio, Kuhusu Sisi. Nikawauliza, suluhisho la nini? Wakanijibu, "La njaa, mwalimu."

Nikawaambia wafunge kompyuta. Wakakata daftari vipande vipande, kila chakula kikaandikwa kwenye kipande chake: chai, chapati, maandazi, mihogo, supu, ugali, wali, maharage, mchicha, dagaa, nyama, juisi. Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuvipanga kama kitabu cha sayansi kimu: wanga, protini, mboga, vinywaji. Nikawaambia, sawa, sasa wapelekeeni wale vijana wa bodaboda walioegesha pale, muwaambie, vipangeni mnavyoona. Na msiwasaidie. Kusaidia ni marufuku.

Ningetamani mngekuwapo. Kijana wa kwanza alikusanya chai, chapati, maandazi, mihogo na supu. "Hivi vya asubuhi." Ugali na wali, "hivi vya mchana," na dagaa akaviegemeza ubavuni. Maharage na mchicha akavirudisha mkononi mwa mwanafunzi: "Hivi mbona havinunuliwi? Hivi vinakuja na sahani." Mnaona? Mwanafunzi alikuwa ametenga kundi zima linaloitwa Mboga, lina ukurasa wake na ikoni yake ya jani la kijani, wakati mlaji hajui hata kama ni kitu cha kuchaguliwa. Kijana wa pili akaishika nyama, akaitazama, akaiweka mbali kabisa peke yake. "Hiyo ya tarehe za mshahara."

Wakarudi na menyu ya maneno matatu: Asubuhi, Mchana, Tulipo. Na kitufe kimoja cha kuagizia. Wakampelekea mama aone. Alipofika kwenye kitufe kilichoandikwa Agiza, akakunja uso. "Mnataka waniagize? Mimi mtumwa wao?" Wakamuuliza, wateja wako husemaje? "Husema, mama niwekee wali." Kitufe kikaandikwa Niwekee.

Walimu wenzangu, neno hilo moja nimelifundishia vipindi viwili. Kwa sababu linaleta swali ambalo hatuwaulizi wanafunzi: katika lebo, anayesema ni nani? Ukiandika Lipa, tovuti inamwambia mtu. Ukiandika Niwekee, mtu anaiambia tovuti. Zote mbili ni halali. Ila fungua tovuti zetu nyingi: juu pameandikwa Akaunti Yangu, chini yake Taarifa Zako, pembeni Malipo, halafu Kupakua, halafu Tuma. Yangu ya nani na zako za nani? Nomino imekaa na kitenzi, kitenzi kimekaa na jina la kitendo. Ni kama watoto wa nyumba moja waliovalishwa kila mmoja sare ya shule yake. Huo si mfumo.

Na Kiswahili kina mitego yake, ambayo vitabu tunavyofundishia haviitaji kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Nitawapa michache niliyonaswa nayo.

Nyumbani. Neno hili limetafsiriwa kwa kamusi. Niliwahi kumwona mtu mzima akiuliza kwa dhati kabisa, "Nyumbani kwa nani?" Andika Mwanzo.

Toka. Kijana ameweka kitufe cha kutoka kwenye akaunti, kikubwa, chekundu: TOKA! Na alama ya mshangao juu. Hivyo si ndivyo tunavyofukuza mbwa jikoni? Mwanafunzi mwingine akaona aibu, akaandika Funga Akaunti. Tukamleta mtu ajaribu. Mkono ukagoma kabisa kubonyeza. "Na hela zangu zitakwenda wapi?" Kufunga akaunti ni maneno ya benki, na kila mtu anajua maana yake. Baada ya mabishano marefu darasa lilikubaliana na Ondoka, ingawa mimi bado sijaridhika, na mwenye neno bora anitafute wakati wa chai.

Kuhusu Sisi. Kuhusu sisi, nini? Sentensi haina kichwa. Sisi ni Nani inaeleweka hata kwa bibi yangu. Najua wengi humu mmeshaizoea na mtaniambia imekuwa Kiswahili. Labda. Mimi siipendi.

Kinyume chake lipo neno zuri, Pakua. Aliyelichukua kutoka kwenye sufuria akalipeleka kwenye kompyuta alifikiri. Chakula kimo jikoni, unakihamishia kwenye sahani yako. Hulazimiki kumweleza mtu mara mbili.

Halafu kuna Mpya, na hapa ndipo lebo na picha vinapokutana na kugombana. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi kwelikweli wa mkono, alichora nyota inayong'aa yenye neno MPYA, mshale ukiipitia inazunguka. Nzuri sana. Akaibandika kila mahali. Bidhaa, mpya: sawa. Habari, mpya: sawa. Vitabu, mpya. Matangazo, mpya. Wanachama, mpya. Nikamwita. Nikamwambia, soma kwa sauti. Akasoma, akacheka mwenyewe. Vitabu ni vipya, matangazo ni mapya, wanachama ni wapya. Sasa atafanya nini, na neno limegandishwa ndani ya picha? Achore nyota ngapi? Kiingereza kinaweza kuishi na picha moja yenye neno moja, kwa sababu kivumishi chake hakibadiliki. Chetu kinafuata ngeli. Ukikigandisha kwenye picha umekivunja mguu.

Na urefu pia. Kitufe kilichopimwa kwa neno la herufi nne la Kiingereza, ukiweka Hifadhi linabana, ukiweka Fungua Akaunti linamwagika. Maandishi yakiwa maandishi, kitufe kinatanuka. Maandishi yakiwa picha, unaanza kuchora upya. Ndiyo maana hata miongozo ya kimataifa ya kurahisishia watu wenye ulemavu inakataza maandishi kugeuzwa picha pasipo lazima. Sisi tuna sababu moja zaidi yao, nayo ni ngeli.

Mtaniuliza, sasa umekuja kuiua rolova? Hapana. Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, mkatazame mwanamke anavyonunua kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo linamvuta kutoka ng'ambo ya barabara. Mji unamsimamisha. Lakini kabla hajatoa pesa atasema, "Hebu nilione jina." Anasoma, ananong'ona, anacheka na mwenzake, na pengine anairudisha japo rangi imemkaa, kwa sababu jina lile hawezi kupita nalo mbele ya mawifi. Picha na jina vimo katika kitambaa kimoja, na hakuna kinachosubiri mwenzake afunuliwe. Picha kinyonga ikae hivyo. Ibadilike, ing'ae, ipumue, lakini jina liwe limeshaandikwa.

Basi tuifundishe vipi? Nitapita haraka, maana mwenyekiti ananionyesha saa.

Mimi naanza na boksi la viatu. Nimelikata dirisha dogo usoni. Ndani napitisha karatasi ndefu niliyochora ngoma mbili, moja ya kahawia na nyingine, chini yake, ya dhahabu. Dirishani inaonekana moja tu. Nikivuta karatasi, ngoma inabadilika, na hakuna kiboksi cheupe kwa sababu zote mbili zilikuwa ndani tangu mwanzo. Mbinu hiyo msanifu wa tovuti Dave Shea aliieleza mwaka 2004: picha moja yenye hali zote, CSS, ile lugha ya kupambia ukurasa, inaisogeza tu. Mwanafunzi akiivuta karatasi kwa mkono wake mwenyewe, huna haja ya kumweleza tena kwa nini ngoma ya yule mzee ilipotea.

Kisha kompyuta. Kitufe kiandikwe kwanza, maandishi matupu, kisomwe kwa sauti. Halafu rangi. Halafu mstari wa :hover, unaoamuru kitufe kibadilike mshale ukikipitia. Na kabla mwanafunzi hajainua kichwa kushangilia, mstari wa pili, :focus-visible, ili anayetembea kwa kibodi apate jibu lilelile. Nawaambia: mausi yote wekeni kwenye droo, fikeni kwenye malipo kwa kubonyeza Tab peke yake. Kelele za siku ile si za furaha.

Na simu? Hapa tusidanganyane. Tovuti hizi zinasomwa na nani, na kwa kifaa gani? Zinasomwa kwa simu ya kupangusa, bando likiwa linayoyoma. Kidole hakielei juu ya kioo kikasubiri. Kidole kinagusa, basi. Mshale unaweza kupitia kitu bila kukibonyeza; kidole hakijui kupitia. Kwenye simu nyingi ukigusa kitufe chenye :hover, rangi ile inaganda hapohapo mpaka uguse pengine, mtu anadhani amekwama. CSS ina namna ya kuuliza kama kifaa kina kitu cha kupitia, @media (hover: hover). Kinyonga wote nawafungia humo ndani. Asiye na mausi hawaoni, na hajakosa neno hata moja.

Yale maelezo madogo yanayochomoza mshale ukikaa juu ya kitu, toleo la 2018 la miongozo ile niliyoitaja limeyawekea masharti matatu: mtu aweze kuyaondoa bila kusogeza mshale, aweze kuusogeza mshale juu yake yasitoweke, na yabaki mpaka mwenyewe amemaliza. Nawasomesha, kisha nawaambia wafungue tovuti yoyote waipendayo wakague. Hawarudi wakiipenda vilevile.

Kuna siku moja ambayo siwezi kuipita haraka. Nilimwalika darasani mwalimu mwenzetu asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini. Wanafunzi wakamfungulia kazi zao, kila mmoja kwa fahari. Ya kwanza programu ikasoma kwa ile sauti yake ya Kizungu: "btn, zero, mbili, juu, nukta, jif." Ya pili: "btn, zero, tatu, juu, nukta, jif." Hakuna aliyekuwa amejaza alt, yale maneno ya kuieleza picha kwa asiyeiona. Mgeni wetu akasikiliza kwa adabu mpaka kitufe cha saba, kisha akauliza, "Hivi ni vya kazi gani, vijana?" Aliyetengeneza akaanza kueleza: hicho cha pili ni cha bei, cha tatu ni cha ratiba. Akaeleza vyote saba bila kukosea. Mgeni akamwambia, "Mbona majina unayo? Ulikuwa umeyaficha wapi?"

Kuhusu alama, nitasema nilivyoamua na mtanikosoa. Kati ya mia, lebo arobaini, rolova kumi. Mwanafunzi mmoja amenilalamikia mpaka kwa mkuu wa idara kwamba nathamini maneno kuliko usanifu. Na kabla sijaigusa kazi, naichapa kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hapo hakuna kinyonga. Naipeleka kwa mlinzi wa getini. Namuuliza, ukitaka bei ungebonyeza wapi? Akiweka kidole mahali bila kunitazama usoni, kazi hiyo naichukua ndani. Akinitazama usoni kwanza, namrudishia mwenyewe. Mlinzi sasa amezoea, siku hizi ananiuliza, "Mwalimu, leo hujaniletea mitihani?"

Mwenyekiti amesimama, nami nakomea hapa. Mlangoni kuna kapu lenye vipande vya karatasi, kumi na viwili kwa kila mmoja wenu. Kalamu sikuleta. Andikeni lebo za tovuti za vyuo vyenu wenyewe, kama zilivyo leo, msizirembe. Mama anayetupikia hapa ukumbini amekubali awe mtu wetu wa kuzipanga. Ameomba mwende wawili wawili, na mwende baada ya saa saba, akishamaliza kupakua.